Walimu Wakikaa Pamoja

Ndugu msomaji, wewe ukaaye kando ya ziwa letu wajua desturi ya wavuvi wa dagaa. Siku za mbalamwezi taa zao hazifai sana, basi wengi hupumzika ufukoni, hushona nyavu na kuulizana: mbona usiku ule tulikosa? Hakuna asemaye kuwa wanapoteza wakati. Lakini walimu wakikaa pamoja baada ya masomo, wazazi hunung'unika: "Wanapiga soga!" Si haki.

Sikiliza niliyoyaona katika shule moja ya Ujiji nilikofundisha. Mwenzetu wa darasa la pili alisifiwa sana, maana watoto wake walisoma kwa sauti moja hata wapita njia wakasikia. Siku moja alituomba wawili tukae nyuma ya darasa, tusimtazame yeye, tuwatazame watoto. Tukaona ya kuwa watoto saba walitikisa midomo tu, wakifuata sauti za wenzao. Jioni tukamwambia. Alinyamaza kitambo, kisha akasema: "Haya, tufanyeje?"

Tukaandika katika daftari maneno ambayo kila mtoto aliweza kusoma peke yake. Wale saba tukawaketisha na wasomaji wazuri mwezi mzima, kisha tukapima tena. Watano walisoma. Wawili bado. Kumbe mmoja haoni vizuri ubaoni, na wa pili hubaki nyumbani siku za kuanika dagaa.

Huo ndio utafiti. Si kazi ya wenye majoho tu. Ni kuuliza, kuandika, kujaribu, kupima, na kuambiana kweli, maana jicho halijioni.

Jambo hili si geni. Walimu wa Japani hutazamana wakifundisha tangu zamani. Kwetu, mpango wa EQUIP-Tanzania, ulioanza mwaka 2014 kwa fedha za Uingereza na kufika Kigoma, uliwafundisha walimu ndani ya shule zao. Huo umekwisha. Siku hizi kuna MEWAKA, yaani Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, nayo yawataka walimu wakutane shuleni na kujifunza pamoja.

Lakini yasemwayo pale yasigeuke masengenyo, wala mkuu asiyatumie kumwadhibu mtu. La sivyo kila mwalimu atafunga mlango wake.

Nawe mzazi, ukiwaona wamekaa, usinung'unike. Waulize: "Je, mwanangu husoma akiwa peke yake?"