Upendo na Kiu

Labda mtashangaa kuona mwalimu wa Musoma akiandika habari za dini ya Budha. Twakiri ya kuwa hatukuitafuta elimu hiyo. Wivu wetu ndio uliotufikisha.

Habari yenyewe ni hii. Mama wa watoto wetu ni mwalimu kama sisi. Alipohamishwa kwenda Bunda, sisi tulibaki Musoma na watoto, naye akawa anakuja Ijumaa na kurudi Jumapili jioni. Tangu hapo moyo wetu haukutulia. Tulimpigia simu asubuhi, adhuhuri na usiku, na akichelewa kuitika tulimwuliza yuko na nani. Ijumaa moja, alipokuwa akiwaogesha watoto, tuliichukua simu yake tukaipekua. Hatukuona ila habari za masomo na bei ya dagaa. Mara akaingia, akatukuta nayo mkononi. Hakusema neno, alichukua taulo akatoka. Juma lililofuata hakuja Musoma, akaenda kwa wazazi wake Butiama.

Tulimfuata. Mbele ya baba mkwe tulieleza shauri letu kwa maneno mengi, hata tukathubutu kuwataja ng'ombe wa mahari. Mzee alinyamaza kitambo, kisha akatuuliza: "Mkwe wangu, umekuja kuhesabu ng'ombe au kumwona mtu?" Hatukuwa na jibu. Mwenzetu alirudi baada ya majuma mawili, lakini ugonjwa wetu haukupona.

Mwaka uo huo tulikwenda Dar es Salaam kusahihisha mitihani, na rafiki mmoja akatupeleka Upanga kuliona hekalu la Wabudha. Asili yake ni wafanya kazi waliotoka Ceylon, nchi iitwayo sasa Sri Lanka, yapata miaka mia iliyopita, na uani pana mti wa namna ile ambayo Gotama Budha aliketi chini yake. Huko tulipata kijitabu, tukakisoma katika basi njia nzima ya kurudi.

Wabudha husema ya kuwa mateso ya binadamu hutoka katika tamaa, nayo kwa lugha ya Kipali huitwa tanha, maana yake hasa ni kiu. Neno hilo lilituchoma. Sisi tukaao kando ya Ziwa Viktoria twajua kiu ya maji huisha kwa kikombe; bali kiu ya mwenye wivu, kila jibu alipewalo huiongeza. Tulipokosa ujumbe wa mwanamume katika simu ile, je, tulifurahi? Hasha! Tulifikiri kwamba ameufuta.

Upendo wao huitwa meta, yaani kumtakia mwingine heri, kwa ajili yake na si kwa ajili yetu. Mwalimu wao Buddhaghosa, aliyeandika huko Ceylon katika karne ya 5, alifundisha kwamba upendo huo una maadui wawili. Wa mbali ni chuki, na huyo kila mtu humtambua. Wa karibu ni tamaa ya kushikilia, ambayo huvaa nguo za upendo hata mwenyewe asiijue. Basi sisi tuliposema, "Twakuuliza kwa kuwa twakupenda," ni adui huyu aliyekuwa akisema kwa kinywa chetu. Pamoja na upendo huo huweka huruma, na utulivu wa moyo, na jambo jingine lililotushinda kabisa: kufurahia furaha ya mwenzako usiyoileta wewe. Kule Bunda mwenzetu alikuwa amepata marafiki, na darasa alilolipenda, akawa acheka kuliko alivyocheka Musoma. Kicheko hicho ndicho kilichokuwa kikituuma.

Mtu asidhani kwamba Wabudha hudharau ndoa. Katika mafundisho yake kwa kijana Sigala, Budha alimpa mume wajibu wa kumheshimu mkewe, kutomdharau, kuwa mwaminifu kwake, kumwachia mamlaka ya nyumbani, na kumpa mapambo. Mke naye alipewa wajibu wake, uaminifu ukiwamo. Twawauliza wanaume wenzetu wa Mara: ni wangapi kati yetu tumetimiza lile la nne?

Lakini liko jambo ambalo hatukuweza kulimeza. Budha mwenyewe, kabla ya kuanza kufundisha, alimwacha mkewe Yasodhara na mtoto wao mchanga Rahula, akaenda kutafuta ukweli. Tulipomsimulia mwenzetu, aliuliza upesi, "Na yule mama, nani alimletea kuni?" Wafuasi wake hueleza kwamba baadaye alirudi akawafundisha, na Rahula akawa mtawa. Mwenzetu hakuridhika, wala sisi. Mtu aweza kuufungua mkono wake bila kuondoka nyumbani. Hivyo ndivyo tuonavyo sisi.

Sasa huu ni mwaka wake wa tatu huko Bunda. Ijumaa iliyopita simu yake ililia mezani, naye yuko nje akichambua dagaa. Tuliichukua, tukampelekea, kioo kikielekea chini. Alitutazama sana. "Ni nani?" akauliza. Tukamjibu hatujui, na ni kweli, ijapokuwa toka mezani hadi mlangoni jicho letu liliomba ruhusa mara mbili.