Ukarani wa Mbio za Nyika

Huku kwetu Kinole, ubavuni mwa milima ya Uluguru upande wa mawio, ambako tangu enzi za mababu watu wamemwendea Kingalu awaombee mvua, ni taabu kupata kiwanja kilicho sawa cha kutosha kuchorwa duara la mita 400. Na ndiyo sababu michezo ya shule zetu, tangu nilipoingia katika kazi ya ualimu, ilielemea mbio za nyika, zile ambazo mtoto hushuka kati ya migomba na midalasini, akavuka kijito, akaupanda mlima wa ng'ambo, kisha akarejea kiwanjani miguu imejaa matope mekundu. Mimi nilikabidhiwa ukarani wa matokeo kwa kuwa mwandiko wangu ulikuwa ukisomeka, na kazi hiyo nikaishika muda mrefu, kwanza hapa nyumbani, halafu Mkuyuni, na hatimaye mjini Morogoro katika Uwanja wa Jamhuri, walipokusanyika vijana wa sekondari kwa ajili ya UMISSETA. Hata mabadiliko ya vyombo vya kuhesabia mbio sikuyasoma vitabuni, bali yalipita mikononi mwangu.

Yanipasa nieleze hesabu yenyewe, maana asiyeijua hataona uzito wa jambo. Katika mbio za nyika za timu kila mkimbiaji hupewa alama sawasawa na nafasi aliyoshika: wa kwanza alama 1, wa thelathini na saba alama 37, kisha huchukuliwa wale wa mbele wa kila shule, kwetu aghalabu sita, nafasi zao zikajumlishwa, na shule yenye jumla ndogo kuliko zote ikatwaa kombe. Kwa watu sita, jumla iliyo ndogo kabisa ni 21. Na mwaka 1988, katika mashindano ya dunia ya mbio za nyika huko Auckland, wanaume wa Kenya walipata 23, jambo ambalo makarani wa nchi zote hizi za Afrika Mashariki walilizungumza kwa staajabu. Lakini Wakenya wale walifika mbele, machoni pa watu wote. Shule ya kawaida hushinda ama hushindwa kwa mtoto wake wa sita, ambaye hufika katikati ya msongamano wakati watazamaji wamekwisha kugeuka, ilhali nafasi yake yaingia katika jumla kwa uzito ule ule wa nafasi ya nduguye aliyeongoza.

Zamani zile tulisimika nguzo za miti nyuma ya mstari wa mwisho, tukazifunga kamba za katani pande mbili, ukawa ujia mwembamba usiopitisha watu wawili sambamba. Na kila aliyeuvuka mstari aliingia humo kwa zamu aliyofikia, asiruhusiwe kumpita mwenziwe, hadi mwisho wa ujia aliposimama mwalimu mwenye vipande vya boksi vilivyoandikwa nambari na kutungwa katika waya. Mwalimu huyo alichomoa kimoja kimoja, akampa kila mtoto cha kwake, na mtoto akakileta mezani, akataja jina na shule, nami nikaandika. Maadamu walikuja mmoja mmoja, hesabu ilikuwa safi. Walipokuja kumi na tano kwa pamoja, wengine wakianguka ndani ya ujia kwa uchovu, wengine wakisukumwa na walio nyuma, na mvua ya huku ikimwagika juu ya wino, hapo haki ilikuwa hatarini.

Namkumbuka msichana mmoja, mwembamba wa umbo, aliyefika mezani na kipande ambacho nambari yake ilikuwa imefutika likabaki doa la buluu. Na mwenziwe wa shule pinzani, aliyekuja ubavuni mwake, naye alikuwa na doa kama lile. Nafasi zilizobaki wazi ni ya 29 na ya 30, na kila mmoja alidai kwamba ndiye aliyetangulia. Waamuzi walikaa faraghani, wakampa yeye 30, na shule yake ikakosa kombe kwa alama moja. Hakulia. Aliniuliza tu, kwa adabu: "Mwalimu, kwani mimi hakuna aliyeniona?" Na kweli hapakuwa na shahidi hata mmoja, maana wakati ule macho ya watu wote yalikuwa kwa mshindi, aliyekuwa akibebwa juu juu na wenziwe upande wa pili wa kiwanja.

Katika riadha ya uwanjani mambo hayakutofautiana sana. Watunza muda walipangwa ngazini, mmoja juu ya mwingine, wakiulenga mstari. Walifunzwa kubonyeza saa waonapo moshi wa bastola, wasingoje mlio, kwani sauti huchukua karibu theluthi ya sekunde kusafiri mita 100. Na mshindi alipimwa kwa saa tatu, ikachukuliwa ile ya katikati zote zilipotofautiana. Saa tatu kwa mtu mmoja! Wa nne na wa tano wakibahatika walipata moja, na waliobaki waliandikiwa nafasi pasipo muda. Hata rekodi ya Filbert Bayi ina athari ya zama hizo: tarehe 2 Februari 1974, huko Christchurch, alikimbia mita 1500 akiongoza tangu mwanzo, na mtambo wa umeme ukasoma 3:32.16, lakini kwa kuwa kanuni za wakati ule ziliandika rekodi ya mbio hizo kwa sehemu ya kumi ya sekunde tu, ikasajiliwa 3:32.2.

Kwetu mitambo ilikuja kwa kuchelewa na kwa mafungu. Kikokotoo kiliniondolea makosa ya kujumlisha, na kompyuta ikaniondolea kunakili orodha usiku kucha kwa karatasi ya kaboni. Hayo yalikuwa mapumziko ya karani, si haki ya mkimbiaji. Haki ilikuja kwa simu. Mwalimu mmoja kijana aliifunga simu yake juu ya nguzo, ikautazama mstari kwa ubavu, akapiga picha za video tangu mtoto wa kwanza hadi wa mwisho. Kisha tukaketi darasani tukairudisha polepole, tukaisimamisha kila kifua kilipougusa mstari, tukasoma nambari za fulana. Msongamano ule ulionitesa ukafunguka mbele yangu kama uzi uliotatuka, kila mtoto na zamu yake.

Baadaye, katika mbio kubwa za barabarani, nikaona chipu, kijipande kilichobandikwa nyuma ya nambari ya mkimbiaji, kisicho na betri, ambacho huamshwa na mawimbi ya redio yatokayo kwenye mkeka uliotandikwa mstarini, kikajitaja kwa nambari yake na saa ikaandikwa papo hapo. Boston walianza kutumia chipu mwaka 1996. Miaka minane kabla yake, katika mbio hizo hizo, Juma Ikangaa wetu alipitwa na Ibrahim Hussein wa Kenya kwa sekunde moja, 2:08:44 kwa 2:08:43.

Na tarehe 15 Septemba 2025, huko Tokyo, Alphonce Simbu na Mjerumani Amanal Petros waliufikia mstari wa marathoni ya dunia wakiwa na muda mmoja, 2:09:48. Ikabidi itazamwe picha ya kamera ile ambayo haioni ila ufa mwembamba ulio juu ya mstari, ikiupiga maelfu ya mara kwa sekunde na kuviunganisha vipande, na picha ikasema Simbu, kwa sekunde 0.03. Ndivyo Tanzania ilivyopata dhahabu yake ya kwanza katika mashindano hayo.

Wako wazee wenzangu wanaosema kwamba mtambo umemwondolea mwamuzi heshima yake. Siafiki. Chipu hukaa kwenye nambari ama kiatuni, na kanuni yataka kiwiliwili, si mguu wala mkono wala kichwa; kwa hiyo wanapofika wawili bega kwa bega bado ni mtu mwadilifu anayeisoma picha na kutoa hukumu, isipokuwa sasa ana ushahidi, na mzazi aliyekuja kulalamika huonyeshwa.

Mikeka ya chipu ni ghali, na sitarajii kuiona Kinole karibuni. Kamba za katani bado tunazifunga. Linalonihangaisha ni jingine: pesa za michezo zinapopatikana, hununuliwa kombe kubwa na saa nzuri ya mshindi, na orodha inayobandikwa ukutani huishia watu kumi. Simu ipo mfukoni mwa kila mwalimu. Iwashwe mtoto wa kwanza anapotokeza mlimani, wala isizimwe hadi wa mwisho avuke, na orodha ibandikwe yote, majina ya wote, siku ile ile kabla watoto hawajashuka kwenda kwao.