Nyota Iliyowaka Siku Tatu

Huku Kasongo na Kabambare, usiku usio na mwezi, nyota huonekana zimetulia kabisa. Lakini sivyo zilivyo zote.

Tarehe 10 Juni 2007, Swift, chombo cha Wamarekani kilichokuwa kikizunguka dunia, kiliona mmweko wa mionzi ya gama. Mionzi hiyo macho hayaioni, na hewa huizuia isifike chini. Habari za chombo hicho zilikuwa zikipokelewa Malindi, pwani ya Kenya, katika kituo cha Waitalia.

Mimweko ya namna hiyo kwa kawaida hutoka mbali mno, nje ya kundi letu la nyota, kisha mwanga wake hufifia. Huu ulitoka humu humu kwetu. Wataalamu walioendelea kutazama kwa darubini waliona mwanga ukiwaka na kuzima kama mara 40 katika siku tatu, kisha giza. Wakadhani ni mabaki ya nyota kubwa iliyokufa, yenye nguvu kubwa ajabu ya sumaku.

Mimi nawasifu kwa kukesha kwao. Anayetazama mara moja na kwenda kulala, kesho husimulia nusu ya habari, naye hudhani ni nzima.