Sehemu za Chester

Usiku wa kuamkia Septemba 6, 2024, saa saba na dakika kadhaa, kaka yangu alinitumia ujumbe wa sauti wa sekunde nne. "Buda, wamerudi. Na anayeimba ni dem."

Hakutaja jina na hakuhitaji kulitaja. Nilizima data, nikageukia ukuta.

Linkin Park walikuwa wamekaa miaka saba bila mwimbaji. Sasa walikuwa wamemweka Emily Armstrong, wa bendi ya Dead Sara, mbele ya maikrofoni, na tayari wimbo mpya ulikuwa umeshatoka. Watu wa rika langu walikuwa mtandaoni wakilia kwa furaha. Mimi niliona ni kama kurudi nyumbani ukute mtu mwingine amekalia kiti cha marehemu, na sahani ameshaletewa.

Hasira hiyo haikuwa ya muziki peke yake. Acha nirudi nyuma kidogo.

Mwaka wa 2003 tulikuwa tunaishi Umoja, mimi nikiwa darasa la saba, kaka yangu kidato cha tatu katika shule ya bweni. E-Sir alikuwa amefariki Machi mwaka huo, na mtaa mzima ulikuwa bado unacheza nyimbo zake kama vile ukizinyamazisha ndiyo atakufa kabisa. Mwezi huo huo, huko Marekani, Linkin Park walitoa albamu yao ya pili, Meteora. Sisi hatukuwa na habari. Ilitufikia Agosti, ndani ya sanduku la bati la kaka yangu, CD ya kunakili iliyofungwa kwa gazeti, imeandikwa kwa kalamu ya wino mzito: METEORA. Aliipata kwa kubadilishana na mkate na nusu kopo la siagi.

Unafaa kuelewa kwamba Eastlands wakati huo roki ilikuwa ya mababi. Ya watoto wa Lavington wenye nywele ndefu na wazazi wanaoitwa kwa majina. Ukiisikiliza Umoja, ulikuwa umejitafutia. Vijana wa kwenye ngazi walituuliza kama tumeanza kuongea kupitia puani. Na mathe ndiye aliyekuwa mgumu zaidi. Mara ya kwanza aliposikia yale mayowe alitoka jikoni na mwiko mkononi, akasimama mlangoni. "Huyu mtu analia nini? Wanaabudu nini hawa?"

Si kwamba alikuwa mshamba. Rais Moi aliunda tume ya kuchunguza ibada ya shetani mwaka 1994, na ripoti ilipotangazwa 1999 wazazi wetu hawakuhitaji kuisoma ndiyo waiamini. Muziki wa kelele ulikuwa ushahidi tosha. Kwa hiyo tulisikiliza sauti ikiwa chini, vichwa viwili vimebanana kwenye spika moja, na tukaimba kwa kunong'ona. Hebu fikiria mtu akipiga mayowe kwa kunong'ona. Kaka yangu alikuwa hodari sana wa hiyo kazi.

Tuligawana sehemu. Linkin Park walikuwa na sauti mbili: Mike Shinoda anayerap, na Chester Bennington anayeimba halafu anapasuka. Mimi nilikuwa mdogo na nilikuwa na ulimi mwepesi, nikapewa Mike. Yeye akachukua Chester. Haikujadiliwa.

Maneno tuliyapata saiba, shilingi moja kwa dakika. Kuchapisha ilikuwa bei ghali, kwa hiyo mmoja alisoma kwenye skrini na mwingine akaandika mbio mbio kwenye daftari la kurasa 96. Mistari ya Mike kwa kalamu ya buluu, ya Chester kwa nyekundu, ili tusigongane wakati wa kuimba. Kufikia Krismasi tulikuwa tumeandika Meteora yote na Hybrid Theory yote, ile albamu ya kwanza ya mwaka 2000. Mwaka uliofuata Jay-Z akatoa kitu pamoja nao, ile Collision Course, na ghafla Numb/Encore ikawa inapigwa kwenye matatu za Umoja. Wale wale wa kwenye ngazi wakaanza kutusalimia. Baadaye kukaja X FM, 105.5, kituo kizima cha roki Nairobi, nikajua kumbe tuko wengi, tumetapakaa tu.

Najua unataka kusikia kwamba nyimbo hizo zilituokoa. Kila makala ya shabiki wa roki ina hiyo aya. Mimi siwezi kuiandika, kwa sababu ya mwaka 2011.

Mwaka huo kaka yangu alijaribu kujitoa uhai. Alikuwa amemaliza chuo, amekaa nyumbani mwaka na nusu bila kazi, amekuwa mpole kupita kiasi, na sisi tukasifu ule upole. Ni mathe aliyemkuta, mapema. Hayo mengine ni yake kusimulia.

Ninachoweza kusimulia ni cha kwangu. Siku ya pili hospitalini walikuja polisi wawili kuandika taarifa. Hawakuja kumlinda. Kujaribu kujiua kulikuwa kosa la jinai, kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, na ungeweza kufungwa hadi miaka miwili. Mmoja wao aliuliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza leseni, "Sasa huyu akiamka tunampeleka?" Baba aliwaita kando, wakazungumza, wakaondoka. Sikuwahi kuuliza walizungumza nini, lakini pale nyumbani pikipiki iliuzwa mwezi huo. Majirani tuliwaambia ni malaria imepanda kichwani. Tulilisema sana hilo neno malaria hadi nikaanza kuliamini.

Usiku mmoja nilikuwa natafuta kadi yake ya kliniki kwenye droo, nikapata lile daftari. Nikakaa chini nikasoma wino mwekundu peke yake. Sikuwa nimewahi kufanya hivyo. Siku zote nilikuwa nasubiri zamu yangu, nikihesabu midundo nisije nikachelewa kuingia. Ukiondoa mistari ya buluu, kinachobaki, wimbo baada ya wimbo, ni mtu anayesema amechoka, ndani mwake kuna kitu kinamla, na hakuna anayemsikia. Kurasa na kurasa, kwa mwandiko wa kaka yangu. Nilikuwa nimemsikia akiyasema hayo kwa miaka minane, futi tatu kutoka sikio langu. Na jibu langu lilikuwa kurap.

Alipona, kwa maana ya kwamba alirudi nyumbani. Alipata mtu wa kuongea naye kila Alhamisi, akajifunza kutengeneza televisheni, akahamia Pipeline. Mimi na yeye hatukuzungumzia lolote. Tulizungumzia Linkin Park. Hiyo ndiyo lugha iliyobaki, na tuliitumia kwa kila kitu. "Umesikia ile mpya?" ilimaanisha uko salama. "Si mbaya" ilimaanisha niko.

Mei 2017 walitoa One More Light. Ilikuwa laini, ya redio, na sisi mashabiki wa zamani tuliitukana kama vile tumeibiwa. Nilimwandikia kaka yangu kwamba Chester amechoka, astaafu tu. Akajibu: "Mimi nimeipenda. Anaongea polepole siku hizi." Nikamcheka.

Julai 20, saa nne kasoro usiku, nikiwa Donholm, simu ikaanza kutetemeka mfululizo. Chester Bennington amejiua. Alikuwa na miaka 41 na watoto sita. Siku hiyo ingekuwa siku ya kuzaliwa ya rafiki yake Chris Cornell, aliyeondoka kwa njia hiyo hiyo miezi miwili kabla. Miaka mingi alikuwa ameeleza waziwazi kwamba alidhulumiwa kingono akiwa mtoto, kwamba alipigana na dawa za kulevya na pombe. Yote yalikuwa kwenye mahojiano, mtu yeyote angeweza kuyasoma. Kwetu alikuwa koo tu.

Sikufikiria hayo wakati huo. Nilimpigia kaka yangu. Haikushikwa. Nikapiga tena. Mara ya sita nilikuwa tayari nje bila soksi, nasimamisha nduthi.

Kutoka Donholm hadi Pipeline kwa Outering si mbali, lakini usiku huo barabara iliongezwa. Yule wa boda alikuwa ananisimulia kampeni, nani atashinda Agosti 8, nami nikijibu "eeh, eeh" huku nikibonyeza nambari ile ile. Nilipanda orofa tano. Nikagonga kwa ngumi. Mama mmoja wa mlango wa pili akatoa kichwa, akaniangalia, akasema kwa upole sana, "Pole pole, baba. Yuko. Nimemsikia akikohoa."

Akafungua akiwa na bukta na uso wa usingizi. Simu ilikuwa kwenye chaja, imezimwa sauti. Hakuwa amesikia habari. Kwa hiyo mimi ndiye niliyemwambia, pale mlangoni, nikihema. Alikaa kitandani muda mrefu. Halafu akaniuliza: "Na wewe ulikuja mbio hivyo kwa sababu ya Chester?"

Nikasema hapana.

"Sawa," akasema. "Basi ingia tuongee."

Tuliongea hadi adhana ya alfajiri. Mara ya kwanza tangu 2011. Sitaandika alichosema.

Oktoba 28 saa kumi na moja asubuhi tulikuwa kwake tena. Ni siku mbili baada ya uchaguzi wa marudio, maduka mengi ya pale chini bado yamefungwa, na Linkin Park walikuwa wanamwaga Chester pale Hollywood Bowl, Los Angeles, moja kwa moja kwenye YouTube. Ilipofika Numb hawakuweka mwimbaji. Waliacha maikrofoni peke yake na maua, wakapiga muziki, umati ukaimba sehemu zake. Nilimwangalia kaka yangu. Midomo yake haikusogea. Toka siku hiyo hakuimba tena, na mimi sikumsukuma. Nilifikiri nikinyamaza naye ndiyo heshima.

Ndiyo maana Emily aliniudhi. Nilidhani ile nafasi tupu ilikuwa yetu sisi wawili, tunailinda.

Niliacha ule ujumbe bila jibu siku tatu. Alipochoka kusubiri alipiga simu. Nikamwambia mawazo yangu yote, kiti, sahani, marehemu. Alisikiliza hadi mwisho, halafu akasema: "Wewe ulikuwa unataka wakae hivyo tu? Mimi nilikaa hivyo. Si poa vile unafikiria." Nikakosa la kusema. Kisha akaongeza, kwa ile sauti ya fundi, kwamba huyo dada koo analo, na noti za juu anazifikia bila kudanganya.

Januari 9, 2025, Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu cha 226 kinakiuka Katiba. Aliniletea habari hiyo yeye mwenyewe, picha ya kichwa cha gazeti la mtandaoni, bila neno. Nikampigia mathe. Alinyamaza, halafu akauliza kama hiyo inamaanisha pesa za pikipiki zitarudi. Tulicheka hadi akalia.

Jumamosi hiyo nilienda Pipeline. Kaka yangu alikuwa amefungua televisheni ya mteja mezani, matumbo yote nje, na From Zero inacheza kwenye spika aliyoiunda mwenyewe. Sikuipenda albamu yote, na bado sijaipenda yote. Lakini kuna mahali dada yule anapasuka, na kaka yangu, bisibisi mkononi, bila kuinua macho, akapasuka naye. Hakunong'ona. Sauti imeharibika kabisa, nikisema kweli. Miaka 38, mapafu ya vumbi la risasi ya kuchomelea.

Nilisubiri zamu ya Mike. Ilipofika sikuingia, nilitaka kumsikia.

Jirani akagonga ukuta mara tatu. Kaka yangu akapunguza spika, akaendelea.