Dalili za Mvua Nyuma ya Madarasa

Katika vitabu tunasoma kwamba kule Ulaya baridi ikiisha, mwezi wa tatu, miti huchipua na ndege hurudi. Wanafunzi wakauliza: "Mwalimu, na sisi hapa Nyarugusu majira hayo yako wapi?" Yapo. Yanakuja mwezi wa tisa na wa kumi, vumbi likiwa limetuchosha na mvua bado. Hebu twende tukayaone nyuma ya madarasa, kwenye kile kipande cha pori tulichokizungushia miiba.

Dalili ya kwanza ni miyombo. Tangu kambi ifunguliwe mwaka 1996 imekatwa sana, na hapa vilibaki visiki tu. Lakini angalieni pembeni mwa visiki: vichipukizi vyekundu kama vile vimepakwa rangi. Baada ya wiki chache majani hayo yatageuka kijani. Tone la mvua halijaanguka, sasa maji yametoka wapi? Yametoka chini. Mwombo una mizizi mirefu inayofika mbali ardhini, ndiyo maana hausubiri mawingu.

Dalili ya pili ni ya kusikia. Kuna ndege wa kijivu mwenye kifua cha rangi ya matofali, anajificha juu ya mti na kuita sauti tatu zinazoshuka, mara nyingine hata usiku. Wakulima wengi wanamwita ndege wa mvua. Huyo hajengi nyumba, anataga katika kiota cha mwenzake! Halafu angani wanaanza kupita mbayuwayu. Kila mmoja ana uzito wa gramu 20 hivi, na ametoka Ulaya, akavuka jangwa la Sahara mpaka huku.

Mvua ya kwanza ikinyesha, jioni watoto hawaitwi mara mbili: kumbikumbi! Kila mtu na beseni lake karibu na taa. Wale wanaotuponyoka huangusha mabawa, dume na jike wakachimba pamoja shimo dogo, na hapo ndipo kichuguu kipya kinapoanza. Basi watoto, mkiokota, vaeni viatu. Wakati huo nyoka na nge nao wanatembea.

Baadaye unakuja uyoga, na hapa naomba mnisikilize vizuri. Uyoga mwingi tunaoupenda unaota chini ya miyombo kwa sababu nyuzi zake zimeshikana na mizizi ya mti. Mti unaupa uyoga sukari, uyoga unauletea mti maji na chumvi za udongo. Ukiung'oa mti pamoja na mizizi, uyoga ule nao basi. (Na usiojulikana na wazee usiingie kwenye sufuria, maana kuna unaoua.)

Najua kuni ni shida. Mama anatoka alfajiri, anarudi jua kali na mzigo kichwani, na hatari za huko porini kila nyumba inazijua. Ndiyo maana watu sasa wanachimba hata visiki. Lakini kisiki kikichimbwa, moto wake ni wa siku chache, na mwakani mama atatembea mbali zaidi. Kikiachwa, kinachipua chenyewe, bila mbegu na bila kumwagiliwa.

Huko Dodoma wakulima wanaita njia hii Kisiki Hai. Chagua vichipukizi viwili au vitatu vyenye nguvu, vilivyonyooka. Vingine vyote kata, ndizo kuni zako za kwanza. Funga kitambaa ili wengine wajue kisiki kina mwenyewe, na uzuie mbuzi. Kila mwaka unapunguza tena matawi ya chini. Mti unapanda juu haraka kuliko mche, kwa kuwa mizizi yake ni ya mtu mzima.

Wanafunzi wameshagawana visiki vya bustani, kila kikundi na chake. Mzazi ukipita, ingia, watoto watakuonyesha namna ya kukata. Kisha ukifika nyumbani angalia nyuma ya nyumba yako. Kama kuna kisiki chenye jani jekundu, tafadhali jembe lipite mbali.