Jioni moja Ngome Kongwe

Asubuhi mwanangu alicheza mpira Mnazi Mmoja. Walifungwa sita bila, akatoka anacheka. Jioni ikawa zamu ya fidla, ndani ya Ngome Kongwe, ile ya Waomani ya mwishoni mwa karne ya 17. Ukikaa kwenye ngazi zake, harufu ya mishikaki ya Forodhani inakufikia.

Katikati ya wimbo akasahau. Mkono ukasimama, macho yakaanza kunitafuta. Mzazi mwenzangu, nilikuwa nimejificha nyuma ya simu, narekodi! Nikaishusha, nikampungia. Akavuta pumzi, akaanza upya, mwalimu akimfuata kwa udi.

Video yangu inaishia kwenye miguu ya watu. Bibi yake kaiomba hivyohivyo, aisikilize.