Kinga ya Mzee wa Ngaka

Neno kinga lina ukoo mpana. Kinga ni hifadhi. Kinga ni kipande cha ukuni kiwakacho, ndipo wahenga wakanena kuwa kinga na kinga ndipo moto uwakapo. Na aliyetega mtungi chini ya paa siku ya mvua, naye amekinga maji. Mzee mmoja wa Ngaka, wilayani Mbinga, alikaa miezi ndani ya maana hizo zote, ingawa daktari wake alikusudia moja tu.

Maradhi yalimwanza kwa mabaka makavu yaliyodhaniwa kuwa fangasi, akapakwa marhamu miaka na miaka. Kumbe ilikuwa limfoma ya ngozi. Tabibu Alibert wa Paris, aliyeieleza mwaka 1806, aliona vivimbe vyake vikimfanana uyoga, na jina la uyoga limeganda hadi leo katika vitabu vya tiba, ilhali hapana kuvu yoyote ndani yake. Chembe zilizoharibika ni limfosaiti, askari wale wale wa mwili. Mlinzi ndiye aliyegeuka mwizi, na kumwua ni kuwaua pamoja naye wengi wasio na hatia.

Tiba aliifuata Dar es Salaam, katika Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, iliyoundwa mwaka 1996 kwenye hospitali ya zama za Wajerumani, mkabala na bahari. Yeye ni mtu wa Ziwa Nyasa. Amezoea maji ambayo siku ya hewa safi huonyesha milima ya ng'ambo. Bahari ile haikumwonyesha kitu.

Baada ya dripu ya sita, iliyokuwa ya mwisho, alirudi kwao. Dawa hizo huzipiga chembe zigawanyikazo upesi, na uboho wa mifupa ni kiwanda kisicholala. Baina ya siku ya 7 na ya 14 neutrofili, askari wa mbele dhidi ya bakteria, huwa chache kupita kiasi. Aghalabu hurejea wiki ya tatu au ya nne. Limfosaiti hazina haraka hiyo. Zile ziitwazo CD4, ambazo watu wengi walizijua kwa sababu ya Ukimwi, huweza kuchukua mwaka na zaidi. Homa ya nyuzi 38 siku hizo si ya kungojewa asubuhi. Tena kwa wagonjwa kama yeye ngozi yenyewe, ambayo ndiyo ukuta wa kwanza, ina nyufa. Maambukizo ni miongoni mwa mambo yanayowaua zaidi.

Siku ya kumi, mdogo wake akafariki Lituhi, ufukweni.

Kutomzika ndugu! Asije mtu akawalaumu upesi walionong'ona. Kijijini mazishi ndiyo daftari la undugu, na asiyeonekana hapo hufutwa. Mjane wa marehemu alimwuliza kijana aliyetumwa kumwakilisha baba yake, "Shemeji anaogopa kaburi?" Kijana alirudi na swali hilo mpaka Ngaka, ambako makaa ya mawe yanachimbwa tangu mwaka 2011 na vumbi la kiangazi hutua hadi kwenye sahani. Mzee alikuwa ndani, dirisha limefungwa, chandarua kimeteremshwa.

"Kawaambie simwogopi marehemu," alisema. "Nawaogopa walio hai."

Jibu hilo halikumsaidia. Lilipofika Lituhi lilikuwa limekwisha kuwa tusi. Angewaeleza vipi mikono mia ya kupeana pole, kikohozi cha matangani, maji ya kunywa kwa kata moja? Watu ndio kinga ya mtu maishani mwake mwote. Naye aliamriwa ajikinge nao.

Arobaini ilipowadia, vipimo vilikwisha onyesha kwamba neutrofili zimerudi mahali pake. Limfosaiti bado. Akateremka ziwani. Aliketi peke yake upande unakotoka upepo, akiwaamkia watu kwa kuweka mkono kifuani, na baadhi yao hawakuitikia.

Shemeji yake alimtazama kitambo. Kisha aliinjika maji jikoni, akangoja yachemke hasa, akakisuuza kikombe kwa maji hayo mara mbili mbele ya macho ya wote, akamimina chai.

"Kunywa, shemeji."

Juu ya mazishi hakusema neno. Mzee akakipokea kwa mikono miwili.